Saruji kwenye Nyusi

Miezi minne na siku kumi za eda zilipokwisha, nilitoka mtaani kwetu Buyenzi nikashuka hadi bandarini, alikobeba mizigo marehemu mume wangu. Meli ya saruji kutoka Mpulungu, Zambia, ilikuwa imefunga gatini. Wachukuzi walipita na mifuko, vumbi limewatanda kwenye nyusi, vilevile alivyorudi yeye kila jioni, nami nikimtilia maji ya kunawa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika milima ya Uvira ilionekana wazi. Kijana mmoja aliniita mama, akanitandikia gunia kivulini, akaniletea chai ya tangawizi. Nikainywa yote. Ndipo dua ya kumwombea, iliyonikwama kooni tangu siku ya maziko, ikatoka yenyewe, kwa sauti.