Doa la Jua

Ndugu msomaji, uko uwongo ambao watu wema huusema bila ya kuona haya, nao ni ule wa kukilindia heshima kitu kitukufu. Nataka tuutazame kwa kisa cha jua.

Mwaka 1611, mjini Ingolstadt, Ujerumani, padri mmoja mwalimu wa hisabati, Christoph Scheiner, alilitazama jua kwa darubini yenye vioo vya rangi, akaona madoa meusi. (Nawe usijaribu, jua hupofua, na darubini ni zaidi.) Basi yakamfika mazito. Wanavyuoni wa kwao, kwa kumfuata Aristotle, walishika kwamba vitu vya mbinguni havina ila. Mwaka 1612 zikatoka barua zake, kwa jina la kubuni, akitetea kuwa hayo ni sayari ndogo ndogo zinazopita mbele ya jua. Jua likabaki safi! Galileo akamjibu mwaka 1613 kwamba madoa yamo juu ya jua lenyewe: hubadilika sura, hutoweka, na yakifika ukingoni huonekana membamba, kama alama juu ya chungwa unapoligeuza mkononi.

Scheiner hakuwa mzushi. Aliona kweli na akachora kweli. Lakini alipofika pa kutoa maana, alilistahi jua kuliko jicho lake. Nani kati yetu hajapata kumfanyia hivyo mzee wake, au mwalimu wake wa chuoni?

Sasa tazama kwetu. Mwaka wa kumi wa Hijra (632), Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto asiyetimiza miaka miwili, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Yalikuwa maneno ya mapenzi, tena ya kumtukuza. Naye, huzuni ingali moyoni, akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu. Havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Utaniuliza, je, hatukuamrishwa kusitiri na kunyamaza? Naam, kwa aibu ya ndugu yako. Lakini hapa kunyamaza kungeuacha uwongo usimame, hata uwongo wenye faida.

Na ile ila aliyoiogopa Scheiner ni nini? Mwaka 1908 George Ellery Hale, katika mlima Wilson huko California, alionyesha kuwa madoa ni mahali penye nguvu kubwa za sumaku. Nguvu hizo huzuia joto lisipande kutoka ndani, doa likawa na nyuzi kama 4,000 za sentigredi, na pembeni yake 5,500. Huzidi na kupungua kila miaka 11 hivi. Vyombo vilivyorushwa angani tangu 1978 vimepima jambo la ajabu: miaka ya madoa mengi jua huangaza zaidi, yapata sehemu moja katika elfu, kwa kuwa pamoja na madoa hutokea mabaka ya mwanga yanayoushinda weusi wao.

Scheiner hakuyajua hayo. Lakini katika kitabu chake kikubwa kilichokamilika mwaka 1630 alikubali kwamba madoa yamo juu ya jua, na kwa madoa yayo hayo akapima mzunguko wake, siku 27 hivi zionekanavyo kutoka duniani. Humo humo, lakini, hakuacha kumshambulia Galileo.