Picha za Makaburi katika Kitabu cha Nyumbani



Siku hizi desturi moja imeingia katika nyumba nyingi za Wakristo. Wakati wa likizo baba na mama huwachukua watoto kwenda kutazama mahali pa kale: Bagamoyo, Kalenga, Songea, Kilwa, Unguja. Wakirudi, huchagua picha walizopiga kwa simu, huzipeleka mjini kuchapwa, kisha huzibandika kwa gundi katika kitabu kikubwa, pamoja na stakabadhi ya kiingilio, kadi ya posta, na maneno machache ya mkono. Kitabu hicho hukaa sebuleni, na mgeni akija huonyeshwa.

Watu wa makanisa wameuliza kama jambo hili lafaa. Wengine wasema, "Kupiga picha makaburini ni karibu na tambiko." Wengine wasema, "Ni majivuno tu, ili majirani wajue kwamba tumesafiri." Wengine tena wasema kwamba ni mchezo wa watoto, usiostahili kusumbua mtu. Mimi nadhani swali hili si dogo, kwa maana mahali pengi tunapokwenda kutazama ni mahali ambapo watu waliuawa. Basi tuliulize hivi: Mtu abandikapo picha ya mahali pa kifo cha mwenzake katika kitabu cha furaha ya nyumba yake, je, anadaiwa neno lo lote na yule aliyekufa?

Tuanze na hofu ya tambiko, kwa kuwa si hofu ya wajinga. Wazee wetu walipeleka pombe na nyama makaburini kwa sababu waliwaogopa wafu, au walitaka msaada wao. Mkristo hawaombi wafu kitu. Lakini kutowaomba si sawa na kuwasahau. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, twasoma kwamba Waisraeli walipovuka Yordani waliamriwa kutwaa mawe 12 katikati ya mto, nayo yakasimamishwa Gilgali. Mawe hayo hayakuabudiwa. Yaliwekwa ili siku moja mtoto aulize maana yake. Angalieni vema mpango huo. Jiwe halikupewa kusema. Lilipewa kumfanya mtoto aulize, na kazi ya kujibu akaachiwa baba. Basi jiwe lisilo na baba mwenye jibu ni jiwe tu, na picha isiyo na maneno ni karatasi tu.

Sasa tutwae mfano. Huko Old Moshi wageni huonyeshwa mti ambapo Wadachi walimnyonga Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine 18. Husemwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Familia yafika hapo, yasimama chini ya mti, yacheka, picha yapigwa. Kitabuni yaandikwa: "Moshi. Baridi kali. Tulikula mtori."

Sikemei kicheko. Watoto hucheka mahali po pote walipo na baba yao na mama yao, na furaha hiyo ni zawadi ya Mungu. Wala sikemei mtori. Kosa la ukurasa huo ni kwamba Meli hayumo. Alinyang'anywa nchi, akanyang'anywa uhai, akanyang'anywa hata kichwa. Nasi tumekwenda mpaka chini ya mti wake, tukarudi na picha yetu wenyewe.

Hapo ndipo ninapoliona deni. Wafu hawatudai machozi, wala hawatudai sadaka. Watudai ushahidi wa kweli. Katika Katekisimo yetu ndogo twajifunza amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani, na Luther afundisha kwamba amri hiyo yatutaka tena kumtetea jirani na kumnena mema. Twazoea kuifikiria amri hii kwa habari za watu walio hai, waliosingiziwa barazani au sokoni. Lakini aliyekufa ndiye asiyeweza kabisa kujitetea. Hawezi kuja mbele ya wazee wa kanisa akasema, "Haikuwa hivyo." Basi mwenye kalamu na gundi amekuwa shahidi, apende asipende.

Ushahidi huu una ugumu wake, hasa kwetu Walutheri. Katika Oktoba 1896 vijana wawili wa misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, chini ya mlima Meru, kuanza kazi ya Injili. Usiku mmoja wakashambuliwa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru, wakauawa, wao na Wachagga waliofuatana nao. Kapteni Johannes na askari wake walikuwa karibu siku zile, na wenyeji hawakuona sababu ya kumtenga Mzungu wa Biblia na Mzungu wa bunduki. Ndipo ikafuata adhabu. Askari wa serikali, pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga, waliingia Meru na Arusha, wakaua mamia ya watu, wakachoma nyumba, wakakata migomba, wakateka ng'ombe. Mwaka 1902 misioni ilianza kazi Nkoaranga, miongoni mwa watu wale wale waliozikwa ndugu zao.

Makaburi ya wale vijana wawili yatunzwa Akeri, na Wakristo huenda kuyatazama. Ni vema. Walikuja bila silaha, kwa neno la Mungu, wakafa. Lakini mamia waliouawa baada yao hawana jiwe wala jina lililoandikwa. Familia ya Kilutheri ikibandika picha ya makaburi mawili, na kuandika "mashahidi wetu" na kufunga kitabu, imesema neno la kweli, tena imeshuhudia uongo, kwa kuwa imewaacha waliokufa kwa ajili ya kisasi cha damu ile. Na familia nyingine ya mteremko ule ule, ikiandika tu habari za migomba iliyokatwa, na kunyamaza juu ya vijana waliouawa usiku, nayo imefanya vivyo hivyo. Kweli ya Akeri haitoshi katika nusu ya ukurasa. Yahitaji pande zote mbili, na sehemu ya tatu kwa Wachagga, ambao wengine waliuawa pamoja na wamisionari, na wengine walikuja na mikuki kuwalipiza.

Mtu mwenye moyo mwema atanizuia hapa na kusema, "Mchungaji, wataka kuwafundisha watoto chuki? Wachagga, Wameru na Waarusha leo huketi katika ibada moja na kushiriki kikombe kimoja. Kwa nini kufukua?" Namheshimu asemaye hivyo, kwa kuwa apenda amani. Lakini sisi tunaoungama dhambi zetu kila Jumapili tungepaswa kujua kwamba msamaha haujengwi juu ya kunyamaza. Dhambi isiyotajwa haisamehewi, hufunikwa tu. Watu wasioweza kutaja Akeri mezani bila kukasirikiana hawajapatana bado, hata kama huimba pamoja.

Songea yatuonyesha jambo hili. Katika Februari 1906, wakati wa Vita ya Maji Maji, mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa pale na kuzikwa katika kaburi moja. Tarehe 1 Novemba 1923 ingalikuwa mapema kwa Mdachi kusimama hapo na kuomba radhi. Hata tarehe 1 Novemba 1963 hakutokea. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 2023 ndipo rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika mahali hapo na kuomba msamaha kwa yale Wadachi waliyowatenda mababu wa watu wa nchi hii. Miaka 117 ilikuwa imepita. Je, angeliombaje msamaha kama wana wa Songea wangaliacha kaburi lile lisahauliwe? Waliotunza kumbukumbu hawakutunza chuki. Walitunza mlango ambao kwa huo mkosaji aliweza kuingia.

Bwana wetu naye aliwaonya watu waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, hali mioyo yao ilikuwa ile ile ya baba zao waliowaua. Habari hizi zimo katika Injili ya Luka, sura ya 11. Onyo hilo lazuia jambo lingine katika vitabu vyetu. Ni rahisi sana kubandika picha ya kaburi na kusikitikia ukatili wa Wazungu, huku mtumishi wa nyumbani aliyetushikia kamera halipwi mshahara wake wa mwezi. Kumkumbuka mnyonge wa 1906 na kumdhulumu mnyonge wa leo ni kupamba kaburi la nabii.

Tena wako wasio na kaburi la kwenda kutazama. Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya shaba ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Hapo kwanza palikuwa na sanamu ya gavana wa Kidachi, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuushika mji mwaka 1916. Maandishi ya sanamu ya sasa yawataja na wapagazi wa vita, lakini mwili ulioumbwa ni wa askari peke yake. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara na homa, wakaachwa kando ya njia. Jina la kikosi chao lilibaki katika soko la Kariakoo, na wengi wanunuao kitenge huko hawajui. Basi familia ipigayo picha penye sanamu ile na iache nafasi tupu ukurasani, chini ya askari, kwa ajili ya mpagazi. Mtoto atauliza, "Mbona hapa hapana kitu?" Nafasi ile tupu itakuwa imefanya kazi ya jiwe la Gilgali.

Sasa nawaandikia wakatekista na wazazi maneno machache ya kutenda. Kabla ya kubandika, andikeni kwanza mambo manne: nani alikufa au aliteswa hapa, nani alitenda, nani alisimulia habari hii, na nini hatukuambiwa. Jambo la tatu msiliache, kwa kuwa mzee anayesimulia mlangoni pa jumba la makumbusho naye ni shahidi, na jina lake lastahili kuwekwa kama yeye aridhiapo. Msibandue gome la mti wala kuokota kijiwe kaburini ili kukipamba kitabu. Mambo ya mahali pale yametosha kunyang'anywa. Kumbukeni Kalenga, ambako fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, lilirudishwa mwaka 1954 tu, ingawa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe.

Na asiye na nauli asijione amenyimwa. Nyuma ya makanisa yetu mengi kuna makaburi ya walimu wa kwanza, ambayo majani yameyafunika. Mpeleke mtoto huko Jumapili baada ya ibada, pamoja na jembe na daftari la shule. Mlime, msome jina kama lasomeka, kisha mwende kwa bibi mzee kuliko wote mtaani mkamwulize mtu huyu alikuwa nani, alimtendea nani mema, na alimkosea nani. Majibu yake yaandikwe na mtoto mwenyewe. Kitabu hicho hakitakuwa na picha za kung'aa, nacho kitakuwa na ushahidi.

Ikiwa mtoto atauliza swali usiloweza kulijibu, usimnyamazishe. Liandike ukurasani kama alivyolisema, chini ya picha, na jibu lake mlitafute pamoja.