Mwaka Mzito wa Masomo: Nasaha kwa Wazazi, Wanafunzi na Waalimu wa Kiomboi

  

Mwaka wa masomo huanza Januari, nao ndio mwezi ambao katika Kiomboi na Iramba yote ghala hupungua. Mvua imekwisha anza tangu Novemba au Desemba, mbegu i ardhini, jembe li mkononi, na mavuno bado hata Mei. Basi wakati ule ule mtoto atakapo sare, madaftari na viatu, ndio wakati mzazi hana cha kuuza illa kuku; na kuku wa Singida, ijapokuwa wasifiwa hata Dar es Salaam, hawatoshi watoto watano.

Ada iliondolewa katika shule za Serikali Januari 2016 hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Neema hii haikanushiki. Walakini sare, madaftari na chakula vilibaki juu ya mzazi, na tumbo la mtoto halisomi waraka wa Serikali.

Hapo ndipo izukapo rai moja iliyo mbaya: mtoto na apumzike mwaka huu, atarudi mwakani. Rai hiyo husemwa kwa upole, aghalabu na mzazi ampendaye mwanawe, nayo hukata masomo kuliko umaskini wenyewe. Kwani mtoto aliyeshika jembe la palizi Januari ndiye atakayewekwa kuamia ndege mtama ukitoa masuke, na ikifika Juni huona haya kuketi pamoja na waliokuwa nyuma yake. Mwaka 2020 shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya maradhi ya korona, na madarasa yaliyobaki yalipofunguliwa tarehe 29 Juni, wako waliokwisha zoea kuchunga na kuchuuza, wasirejee tena. Ilikuwa miezi mitatu na siku chache tu!

Na wafuasi wa Imamu Shafii wana hoja iliyo karibu nao, nayo ni khabari ya Imamu mwenyewe. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), babaye akafa naye angali mdogo, mamaye akamchukua hata Makka, akampeleka chuoni. Imepokewa kwamba mama yule hakuwa na kitu cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika na jambo moja, kwamba kila aondokapo, mtoto yule ashike mahali pake kwa wenziwe. Alipoanza kuwafuata wanavyuoni, hakuwa na fedha ya karatasi. Aliandika juu ya mifupa, na alikwenda diwanini kuomba karatasi zilizokwisha tumika, akaandika migongoni mwake.

Katika khabari hii wamo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na udhuru kamili. Mama alikuwa mjane na mgeni wa mji. Mwalimu alikuwa na haki ya kuomba ujira, maana naye ana nyumba. Mtoto hakuwa na hata cha kuandikia. Lakini hapana aliyeutumia udhuru wake, wala hapana aliyebeba mzigo wote peke yake: mama alitoa mwana, mwalimu alitoa ujira, mtoto alitoa kazi. Laiti mmoja wao angalingoja mwaka mwepesi, huenda umma ungekosa kitabu cha Al-Umm.

Basi mwanafunzi wa Kiomboi asiyekuwa na daftari jipya asione kuwa ni aibu kuandika katika kurasa zilizobaki za daftari la mwaka jana. Na binti aliyekatiza masomo asichekwe. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurejea hata yule aliyejifungua. Mlango waliofungua watawala haufai kufungwa na ndimi za majirani.

Mwalimu ana mtihani wake. Wa shule ana darasa lililojaa kupita kiasi, na wa madrasa hupata watoto jioni, wamechoka, wengine hawajala tangu asubuhi. Mtoto kama huyu akisinzia juu ya msahafu, fimbo haimshibishi. Na waalimu wapendao fimbo wakumbuke hukumu ya Shafii, kwamba mwalimu ampigaye mtoto akamdhuru hana kinga kwa kuwa ni mwalimu, bali yampasa dhamana. Watoto wengi waliokimbia vyuo hawakuikimbia Kurani.

Wako pia wanaoshindana, wa madrasa akisema shule yala wakati wa dini, na wa shule akisema madrasa yamchosha mtoto. Imamu Ghazali, naye ni wa madhehebu hii hii, alieleza katika Ihya kwamba utabibu na hisabu ni faradhi ya kutoshelezana. Mji ukikosa kabisa mwenye kuzijua, wenyeji wote huingia katika lawama. Hospitali ya Kiomboi yataka watabibu, na msikiti wataka maimamu, na wote hao watatoka katika watoto wale wale. Yafaa waalimu wa pande mbili wakutane wapatane saa, khasa kwa watoto wa darasa la saba wenye mtihani Septemba.

Limebaki neno la chakula, na hili ndilo zito. Nabii Yusufu, amani imshukie, hakuwahubiria watu wa Misri subira wakati wa njaa. Aliwaamuru kuweka akiba wakati wa shibe. Njaa ya Januari huamuliwa Juni. Mtama, uwele na mahindi yakifika wasaki 5, nazo ni pishi 300 za Madina, hutolewa zakati: fungu moja katika kumi kwa shamba la mvua, nusu yake kwa lililomwagiliwa kwa gharama. Alizeti haina zakati ya mazao kwa Shafii, maana si chakula cha kutegemewa, na mkulima wa alizeti hufurahi kusikia hivyo. Lakini mlango wa sadaka u wazi, na fedha ya alizeti ikifika kiwango na kutimiza mwaka mkononi ina zakati yake. Fukara ni wa kwanza kutajwa katika wastahiki, na nyumba isiyoweza kumlisha mtoto wake asomaye imo humo.

Zakati ya nafaka hupewa wenyewe mara ivunwapo, haingojeshwi. Bali sadaka na michango yaweza kuwekwa. Kabla malori ya wanunuzi hayajafika, watu wa msikiti na waweza kuketi Ijumaa moja baada ya Sala, wakahesabu ni watoto wangapi waendao shule bila kula, na magunia mangapi yawatosha tangu Januari hata Aprili, na ghala la nani halivuji.