Kidogo kwa hesabu ya nani?

Muulize muuza vipodozi kama krimu yake ina madhara. Atakujibu haraka: "Dawa iliyomo ni kidogo tu." Suala la kujiuliza, ndugu msomaji, ni hili: kidogo kwa hesabu ya nani?

Wapo wanaoifanya hesabu hiyo kwa dhati. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayochunguza usalama wa vipodozi haitazami kilichomo kwenye chupa peke yake. Huuliza mtumiaji anapaka kiasi gani kwa siku, kinabaki kiasi gani mwilini, na yeye ana uzito gani. Losheni ya mwili imekadiriwa gramu 7.82 kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, na yote huhesabiwa kuwa imebaki kwenye ngozi. Sabuni ya maji ya kuogea ni gramu 18.67, lakini kwa kuwa husuuzwa, huhesabiwa asilimia moja tu. Uzito unaotumika ni kilo 60.

Tazama uadilifu uliomo. Makadirio hayo hayakumchukua mtu wa wastani, bali yule anayepaka kwa wingi. Na kwa vihifadhi, hujumlishwa vipodozi vyote anavyotumia mtu: gramu 17.4 kwa siku. Kwa nini? Kwa sababu kila kiwanda kitasema changu ni kidogo, na kila kimoja kitakuwa kinasema kweli, lakini mwili unaopokea ni mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuje kwetu. Mkorogo wa mitaani unaivuruga hesabu hiyo yote. Krimu mbili tatu huchanganywa kwenye kopo lisilo na lebo, zikapakwa mwili mzima, asubuhi na jioni. Ikiwemo yenye zebaki, nani ajuaye imeingia kiasi gani? Na zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuviondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025.

Wapo watakaosema: ni mtu mzima, kapenda mwenyewe. Lakini hiari ni ya anayejua. Huyo mama aliambiwa kimo nini? Na kichanga anayelaza shavu kwenye kifua kilichopakwa, yeye aliridhia lini? Huyo hana kilo 60.

Waislamu tunaijua gharar, biashara ya kisichojulikana. Tumezoea kuitolea mfano wa samaki aliye bado majini. Kopo la mkorogo lina tofauti gani na samaki huyo? Tofauti ni moja tu: anayemkosa samaki hupoteza fedha yake, anayejipaka mkorogo huweza kupoteza figo zake.

Asiyeweza kuhesabu anachouza hana haki ya kusema ni kidogo. Ahesabu kwanza, akishindwa, asiuze.