Sauti Iliyopita Kwenye Namba

Kigeuzi cha sauti ni kifaa kinachopokea namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka kwa kuzifuata namba hizo. Umeme huo huenda kwenye amplifaya, amplifaya huendesha spika, spika hutikisa hewa, na hewa ndiyo inayofika sikioni. Kila simu, kila king'amuzi na kila redio inayochomekwa flashi ina kigeuzi ndani yake, hata kama mwenye nyumba hajawahi kukiona. Katika nyumba nyingi za Ifakara, kuanzia Kibaoni hadi Lipangalala, kigeuzi hicho kimo ndani ya sabufa moja inayotumika kwa kaswida, kwaya, taarifa ya habari na bongo fleva. Anayetaka kusikiliza kwa spika tano au saba zinazomzunguka hufika mahali pa kuchagua: atosheke na kigeuzi kilichomo ndani ya mashine, au atafute kingine kinachosifiwa zaidi na kuuzwa ghali zaidi.

Uchaguzi huo ni wa ufundi na wa mfuko, lakini umebeba swali la zamani la dini na falsafa: sauti ya mtu ikishageuzwa namba kisha ikarudishwa, je, bado ni sauti yake? Ikiwa si yake tena, fedha zinazotumika kuitafuta zinapotea bure. Ikiwa ni yake kabisa, haieleweki kwa nini mwadhini aamke kila alfajiri wakati adhana ya msomaji hodari imekwisha kurekodiwa. Jibu linapatikana pale sauti ya binadamu inapotazamwa kwa sehemu zake tatu. Sauti ni mtikisiko wa hewa, ni ujumbe, na ni tendo la mtu aliyenuia kulitenda. Kigeuzi hakizifikishi sehemu hizo zote tatu.

Kuhusu mtikisiko, hesabu imekwisha kutoa hukumu. Kazi za Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 zilithibitisha kwamba wimbi ambalo masafa yake hayavuki kikomo fulani linaweza kuandikwa lote kwa vipimo, mradi vipimo hivyo vichukuliwe kwa kasi inayozidi mara mbili ya kikomo hicho. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, na kikomo cha juu hushuka umri unavyosonga. Ndiyo maana CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ilipangiwa vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 16, yaani kikichagua moja kati ya ngazi 65,536.

Wengi hudhani kwamba kati ya kipimo na kipimo kuna pengo ambamo sehemu ya muziki inapotelea, na kwamba kinachotoka kwenye kigeuzi ni wimbi lenye vidato. Sivyo. Kigeuzi kina kichujio kinachoondoa kila kilicho juu ya kikomo, na baada ya hapo linabaki wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye vipimo vyote. Wimbi hilo ni laini kama lile lililoingia kwenye maikrofoni. Kinachopotea ni kile kidogo kinachoachwa pale kila kipimo kinaposogezwa kwenye ngazi iliyo karibu yake. Upotevu huo huwa mvumo hafifu, ulio takriban desibeli 96 chini ya sauti kubwa kabisa ambayo CD inaweza kubeba. Usiku wa masika, mvua ikipiga bati, hakuna sikio la binadamu linaloweza kuusikia.

Anayeshuku kwamba vipimo hufikisha kila kitu ana hoja nzito, na bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, limeitolea mfano. Mitambo ya umeme ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ilianza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Kabla ya hapo maporomoko ya mto Kihansi yalirusha manyunyu juu ya majani ya korongo, na katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo, Nectophrynoides asperginis, ambaye hakujulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua mno. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kurudisha hali ya awali, na kwa muda idadi ya vyura ikapanda. Mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ulikutwa kwa vyura hao, na viuatilifu vilivyobebwa na tope la bwawa vikatajwa pia kuwa huenda vilichangia. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wakitunzwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na ni uzao wa hao ulioanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Manyunyu ya mabomba yalirudisha unyevu, lakini unyevu haukuwa jambo pekee lililoamua uhai wa chura. Nakala inaweza kulingana na asili kwa kila kilichopimwa, kisha ikashindwa kwa kile ambacho hakuna aliyekumbuka kukipima. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama wahandisi wa sauti nao hawakusahau kitu ambacho moyo unakihisi na chombo hakikisomi.

Shaka hiyo hujibiwa kwa kumpima msikilizaji mwenyewe. Vigeuzi viwili huunganishwa kwenye amplifaya na spika zilezile. Sauti zao hulinganishwa kwa ukubwa hadi tofauti isizidi sehemu ya kumi ya desibeli, kwa sababu kifaa chenye sauti kubwa kidogo tu husifiwa kuwa safi zaidi. Msikilizaji hafahamu ni kipi kinacholia, na anayebadilisha hafahamu pia. Jaribio hurudiwa mara nyingi, majibu yakahesabiwa. Kama kipo kitu kilichosahaulika ambacho binadamu anakisikia, majibu yatakidhihirisha hata kama hakina jina. Majaribio ya namna hii, yakifanywa kwa uangalifu, kwa kawaida huonyesha kwamba vigeuzi vilivyoundwa vizuri havitofautishiki kwa sikio, hata bei zao zinapopishana sana. Kinachotambulika ni kifaa kibovu: kinachounguruma, kinachokwaruza sauti, au kinachoingiliwa na umeme usiotulia. Kukubali matokeo ya jaribio la namna hii ni unyenyekevu wa kweli, kwa maana mtu huacha sifa ya kitu alichokinunua iamuliwe na ukweli badala ya tamaa yake.

Spika zikizidi mbili, jambo jipya linaingia, nalo ni mahali. Binadamu hutambua upande inakotoka sauti kwa sababu sikio moja huipata kabla ya lingine, na tofauti hiyo haizidi takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpangilio wa spika tano uliopendekezwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano katika miaka ya 1990 unaweka moja mbele katikati, mbili mbele kwa nyuzi 30 kila upande, na mbili ubavuni kuelekea nyuma, kwenye nyuzi 100 hadi 120. Sabufa ya besi huongezwa juu ya hizo. Ili kwaya iliyorekodiwa kwa chaneli hizo isikike imesimama mahali pake, chaneli zote lazima zifuate saa moja ya ndani. Akitokea mtu kuunganisha vigeuzi viwili vya bei kubwa, kimoja kwa spika za mbele na kingine kwa za nyuma, kila kimoja kikiwa na saa yake, tofauti ya sehemu 50 tu kwa milioni kati ya saa hizo itafikia sekunde 0.18 katika saa moja ya muziki. Kifaa kimoja cha bei ya kawaida chenye chaneli sita kinamshinda, kwa kuwa chaneli zake zinakwenda pamoja.

Umbali nao una hukumu yake. Katika joto la Ifakara sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo kila mita huongeza takriban sehemu tatu za elfu za sekunde. Spika iliyowekwa karibu na kiti inahitaji kucheleweshwa, na ukubwa wa kila chaneli unahitaji kusawazishwa. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati lisilo na dari hurudisha mwangwi unaofunika maneno ya wimbo. Pazia zito, mkeka mkubwa, makochi na dari hubadilisha kinachosikika kuliko kigeuzi chochote. Fundi mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla hajapokea fedha yake.

Sehemu ya pili ya sauti, yaani ujumbe, nayo huvuka salama. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, na mashairi aliyoyaimba bado yanaeleweka neno kwa neno. Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima kwa tartili, yaani usomaji wa taratibu, kazi iliyoanza kurushwa redioni mwaka 1961, na tangu hapo matamshi yake yamefika kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Cairo. Katika vinamasi vya Kilombero vyenyewe wanaishi ndege wadogo wawili, Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni, waliopewa majina ya kisayansi mwaka 2021. Ndege wa jenasi hiyo wanafanana mno kwa macho, na milio yao ndiyo inayowatenganisha. Mlio uliogeuzwa namba, ukarudishwa na kusikilizwa mbali na kinamasi, bado unasema kweli kuhusu ndege aliyeutoa. Asingekuwepo mtu wa kutegemea uaminifu huo kama namba zingeua kila kilichomo ndani ya sauti.

Hata hivyo ujumbe uliorekodiwa una upungufu ambao Plato aliuona zamani katika maandishi, kwenye majadiliano yake yaitwayo Phaedrus: ukiulizwa, haujibu. Mwanafunzi wa madrasa anaweza kumsikiliza al-Husary siku nzima, na akikosea makhraji, yaani mahali pa kutamkia herufi, kinasa sauti hakitamrudisha. Ndiyo sababu usomaji wa Qur'ani umeendelea kupokewa kwa kusoma mbele ya mwalimu, ambaye naye alisoma mbele ya mwalimu wake.

Hapo ndipo inapojitokeza sehemu ya tatu, tendo. Kuadhini, kuungama, kubariki, kuapa na kuombea ni matendo, na kila tendo linamhitaji mtendaji mwenye nia katika wakati wake. Mtikisiko wa hewa unaweza kuwa uleule kabisa bila tendo kuwapo. Dini mbili zilizo kubwa zaidi katika bonde la Kilombero zimefikia jambo hili kwa njia tofauti. Kwa Wakatoliki, maelekezo ya muziki mtakatifu yaliyotolewa Roma tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza gramafoni, redio na vinasa sauti kutumika ndani ya ibada ya liturujia, lakini yakaruhusu vipaza sauti vikuze sauti hai ya padri. Hati ya Kanisa kuhusu intaneti ya mwaka 2002 ikasema wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu huko Makka lilitoa uamuzi katika miaka ya 1980 kwamba adhana iliyorekodiwa haitoshelezi. Kipaza sauti cha mwadhini hakina tatizo, kwa maana nyuma yake yupo mtu anayeabudu. Wanazuoni wengi wa zama hizi husema pia kwamba anayesikia aya ya sijda kutoka kwenye kinasa sauti halazimiki kusujudu, kwa kuwa hakuna msomaji aliyesoma wakati ule.

Hukumu hizi hazikudharau mashine. Zimeona kwa usahihi mpaka ambao fizikia haiwezi kuuona, kwa sababu nia haina masafa wala desibeli. Kipaza sauti na kinasa sauti vyote vinaweza kutumia kigeuzi cha aina moja na kutoa wimbi moja. Tofauti yao imo kwa mtu aliyepo au asiyekuwepo. Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu lenye sehemu mbili. Sauti inayotoka kwenye spika ni ya mwenyewe kweli, kama mtikisiko na kama ujumbe, na anayeisikiliza hadanganywi. Tendo lake halikuja nayo, na hakuna fedha inayoweza kulinunua.

Kutokana na jibu hili unafuata mwenendo wa kuchagua. Kigeuzi kilichomo ndani ya amplifaya nzuri yenye chaneli nyingi kinatosha, mradi kisiwe kibovu, kitumie saa moja kwa chaneli zote, na kiwe na marekebisho ya muda na ukubwa wa sauti kwa kila spika. Fedha inayobaki ielekezwe kwanza kwenye spika, kisha kwenye chumba. Aliyefikia kiwango hicho na bado anahisi muziki umepungukiwa kitu hasaidiwi na kifaa kingine, kwani huenda anachokitamani ni waimbaji wenyewe. Kwaya ya parokia hufanya mazoezi, madrasa zina maulidi, na ngoma ya sangula bado inachezwa na wazee wanaoijua. Kuwaendea ni bora kuliko kuongeza deni dukani.

Ipo pia haki ya jirani, ambayo Uislamu na Ukristo vyote vinaihimiza. Besi hupenya kuta za matofali kwa urahisi kuliko sauti nyembamba, na sabufa inayompendeza mmoja inaweza kumnyima usingizi mzazi mwenye mtoto mchanga, mgonjwa aliyetoka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko au mkulima anayesubiri alfajiri aingie shambani kwenye mpunga. Matumizi yanayopita haja ni israfu, hata kama mnunuzi anamudu. Kipimo cha mwisho cha mtambo wa sauti nyumbani ni kama unamfikishia msikilizaji sauti kwa uaminifu, bila kuchukua haki ya mtu mwingine na bila kuwekwa mahali pa watu wanaopaswa kutembelewa.