Mchana Ni wa Nani?

Kiswahili huanza kuhesabu siku mwanga unapoingia. Saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya jua, na saa kumi na mbili jioni ndiyo ya mwisho. Kwa watu wa pwani yetu hesabu hiyo haihitaji maelezo: pale Tanga, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki saa moja. Lugha imejengwa juu ya jua ambalo halimngoji mtu wala halimwombi mtu ruhusa.

Sasa fikiria matumbawe yanayoishi ndani ya tangi la lita 90, katika chumba cha kupanga jijini London. Mwezi Desemba, mchana wa nje ya dirisha haufiki saa nane. Mwezi Juni unazidi kumi na sita. Matumbawe hayo hayaishi kwa jua la nje. Jua lao ni taa ya LED iliyoning'inizwa juu ya kioo, na saa moja yao huamuliwa na mtu anayebonyeza simu. Kila anayefuga matumbawe nyumbani hukutana na swali hili mapema: taa ziwake saa ngapi kwa siku? Huulizwa kama swali la ufundi. Naamini ni swali la maadili pia, kwa sababu ni nadra mtu kushika jua zima la kiumbe mwingine.

Tuanze na ufundi, maana maadili yasiyojua mambo yalivyo hayamsaidii mtu. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wa chembe moja moja, wanaotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Sehemu kubwa ya nishati ya matumbawe mengi hutoka huko. Mwanga ukiwa mdogo mno, mnyama hudhoofika. Ukizidi uwezo wa mwani kuutumia, hutokea kemikali zinazoumiza chembe. Mwani hupotea, na tumbawe hupauka hadi mifupa yake meupe ikaonekana. Isitoshe, saa kumi na mbili za baharini si sawa na saa kumi na mbili za swichi. Jua hupanda polepole, hukali adhuhuri, kisha hushuka. Ndiyo maana wafugaji wengi huwasha taa kwa ukali wote saa chache tu za katikati, na kuacha mwanga hafifu wa buluu mwanzoni na mwishoni.

Mwenzangu mmoja wa masomoni, mzaliwa wa Kilifi, ana tangi kama hilo. Hutoka asubuhi na kurudi saa moja usiku. Taa zake zilikuwa zikiwaka saa mbili asubuhi na kuzimika saa mbili usiku, kwa hiyo aliyaona matumbawe yake kwa saa moja tu kila siku. Akataka kuzisogeza hadi saa sita usiku. "Ndugu yangu," aliniambia, "haya yanakula mwanga kama sisi tunavyokula ugali. Kuna ubaya gani nikiyaongezea?"

Ubaya ni kwamba katika hesabu yake usiku ni muda mtupu ambao mchana unaweza kuujaza. Kwa matumbawe hauko mtupu hata kidogo. Giza likiingia, mengi hunyoosha minyiri yao kukamata vijidudu vinavyoelea majini. Samaki wa miambani hulala, wengine mapangoni, wengine wakijifukia mchangani. Mwaka 2013, watafiti wa Horniman Museum hapa London, wakiongozwa na Jamie Craggs, walifanikiwa kuyafanya matumbawe yatoe mayai na mbegu ndani ya matangi kwa kuiga joto la majira ya baharini, urefu wa mchana na mwanga wa mwezi. Mnyama asiye na ubongo anausoma mwezi. Ukimrefushia mchana, umemfutia alichokuwa akikisoma.

Kuna hoja mbili ambazo sizidharau. Ya kwanza: tumbawe halina ubongo, lina mtandao tu wa neva, kwa hiyo huenda halisikii maumivu kama tunavyoyajua, basi anadhurika nani? Lakini madhara na maumivu si kitu kimoja. Mwembe haulii ukikatwa mizizi, na hakuna mkulima atakayesema haukudhurika. Kiumbe kina namna yake ya kustawi, na kukizuia kustawi ni kukidhuru, hata kama hakina sauti ya kulalamika.

Ya pili ni nzito zaidi, na mwenzangu huyo ndiye aliyeitoa. Mwaka 1998 joto lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pwani za Kenya na Tanzania zikiwemo. Baharini yanakufa, alisema; kwangu yako salama. Huenda ni kweli. Lakini uliyemwokoa motoni hujapata haki ya kumnyima usingizi. Na anayesema kwamba kosa lilishafanyika siku matumbawe yalipotolewa baharini, kwa hiyo hesabu ya saa ni upuuzi, naye anakosea kwa njia hiyo hiyo. Kumfungia kiumbe mahali ambapo kila kitu hutoka mkononi mwako hakukupunguzii wajibu. Baharini tumbawe halikukudai chochote. Sasa linakudai kila kitu, hata giza.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: hamisha, usirefushe. Matumbawe hayajui kwamba London ni saa ngapi. Mchana wao ukianza saa sita adhuhuri na kwisha saa nne usiku, wamepata saa kumi za mwanga na kumi na nne za giza, mradi pazia lizuie jua la Juni na taa ya chumba izimwe. Naye amepata saa tatu za kuwatazama. Kuhamisha kunapatanisha ratiba mbili. Kurefusha kunachukua sehemu ya mmoja na kumpa mwingine, na anayepokea ndiye anayeshika swichi.

Alikubali, kisha akanipa mtihani ambao sikuutarajia. Wageni wakija saa tano usiku, wametoka mbali, hawajawahi kuona tumbawe hai, je? Sisi tumelelewa kwamba mgeni hanyimwi. Nilifikiri kidogo. Nadhani taa za mara moja hazitaua kitu. Lakini mgeni hupewa kilicho cha mwenyeji. Hapewi usingizi wa mtoto aliyelala chumba cha pili ili aone alivyo mzuri. Anaweza kuketi mbele ya kioo cheusi, akasikia pampu ikivuma, akaambiwa arudi kesho saa kumi jioni, wakati kwao matumbawe ni mchana.