Jefferson na Deni Langu

Azimio la Uhuru la Marekani nililisoma kwa sababu nililipwa nilisome. Mwanafunzi fulani huko Marekani alitaka insha ya kurasa tano, na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, ndiye niliyekuwa namwandikia. Ndiyo, najua. Wengi wetu Nairobi tumelipa kodi ya nyumba kwa digrii za watu wengine.

Azimio lenyewe ni fupi. Unalimaliza kabla chai haijapoa. Thomas Jefferson aliliandika mwaka wa 1776 akiwa na miaka 33, katika vyumba vya kupanga mjini Philadelphia. Anasema watu wote wameumbwa sawa, na kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Nililipenda. Halafu nikaendelea kusoma, nikakutana na Robert Hemmings: kijana wa miaka 14, mtumwa, aliyeletwa Philadelphia kumhudumia Jefferson huyohuyo. Maishani mwake, Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600.

Nilichemka. Insha ikawa moto, kila aya unafiki, unafiki.

Lakini swali lilibaki: mwandishi akiwa mnafiki, maneno yake yanakufa naye? Marafiki zangu wengi watakwambia ndiyo, hao wazee walikuwa wabaguzi, tusipoteze bando kuwasoma. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nikamfikia Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa, akatoroka mwaka wa 1838. Tarehe 5 Julai 1852, huko Rochester, alialikwa kuhutubia sherehe za uhuru. Aliwaambia wenyeji wake machoni kwamba sikukuu hiyo ni yao, si ya watu wake. Ila Azimio hakulitupa. Alilishika kama mtu anavyoshika hati ya deni. Mdaiwa kuwa mwongo hakufuti deni, si ndiyo?

Nikaona kumbe hata sisi tumefanya hivyo. Katiba yetu ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, Uhuru Park, mbele ya wanasiasa ambao sidhani walitarajia tuisome. Juni 2024 tukaingia barabarani nayo kwenye simu, tukionyeshana Kifungu cha 37: haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Tulikuwa tunadai deni.

Sasa, kuna kitu sijasema. Zile kurasa tano sikuziandika zote. Mbili nilimpa kijana wa ploti yetu, mdogo kwangu, naye pia alikwama chuo. Malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya bei niliyolipwa kwa kila ukurasa. Mimi nililipwa Jumanne. Yeye nikamwambia Ijumaa. Ijumaa tatu zikapita.

Usiku mmoja, nikiwa naandika insha nyingine ya Jefferson, simu ikalia: “Buda, ile doo?” Nilikuwa katikati ya aya inayouliza vipi mtu anaweza kuandika kuhusu usawa huku akila jasho la mwenzake.

Silinganishi kuchelewesha malipo na utumwa. Huo ungekuwa ujinga. Lakini kisingizio nilikitambua. Jefferson alikuwa na madeni. Alikufa nayo mwaka wa 1826, na mwaka uliofuata watu wapatao 130 aliokuwa akiwamiliki wakapigwa mnada. Mimi pia nilikuwa na sababu: kodi, stima, bei ya unga. Sababu hazikosekani.

Nikafungua Katiba. Kifungu cha 41: kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki. Nimetembea na hiyo Katiba mfukoni muda wote huo na sikuwahi kufika hapo. Nilikuwa nimezoea kuisoma kama mdai. Kama mdaiwa, sikuwahi.

Nilimtumia pesa usiku huohuo. Si zote. Zilizobaki zilichukua wiki mbili, na kazi iliyofuata tuligawana sawa kwa kila ukurasa.

Bado nasoma hati hizi za zamani, hata siku ambazo hakuna anayenilipa. Nikifika mahali palipoandikwa “kila mtu”, kwanza najiuliza: leo ni nani ananidai?